Fimbo Inayong'aa ya Eino

Eino,

Najua unageuza uso hata sasa unaposoma, kama ulivyogeuza asubuhi yule samaki samoni alipochomoka. "Bahati mbaya, dada," ukasema. Bahati gani? Waya haunyumbuki, nawe ukaufunga kwenye fimbo ya kuvulia iliyo ngumu kama mpini wa sepetu, kisa inang'aa! Ndoana ikampasua samaki mdomo. Baba akakuuliza, "Mwanangu, ulitaka nyangumi?" Mwaka juzi ulifanya hivihivi, sijasahau.

Supu ya njegere iko jikoni. ~~Nisubiri.~~ Usinisubiri.

Kesho Baba anapasuliwa moyo. Leo saa tisa anarudi ziwani, huenda ni mara ya mwisho. Mpe fimbo laini yenye roda ya kupitishia waya nchani, na lile gurudumu kubwa la kukunjia waya. Waya ukishuka, uzuie kwa kidole gumba, usijisokote.

Toa hilo pambo lako la fimbo botini sasa hivi, kabla Baba hajaamka usingizi wa mchana.

Dada yako