Ijapa Ameingia Ushongo

Ushongo, Pangani
4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na lile goti limepunguza ukorofi sasa jua limekaza. Sisi huku hatujambo. Lina ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka na anakuamkia. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikika hadi sebuleni kwa Mjomba Taimur, na haya ni maneno yetu wawili. Sadalla wa basi la Pangani ameahidi kukupa mkononi.

Chekechea inakwenda vizuri. Darasa alilolijenga Mjomba kwenye kiwanja cha marehemu babu limejaa. Jambo moja tu lilikuwa likinisumbua. Mjomba ameamuru mtoto ambaye mzazi wake hajalipa asipewe uji. Basi wenzao wakinywa, hao hukaa ukutani wakiangalia vikombe. Tahiri, mtoto wa Mwanamkasi yule mchemsha dagaa, huugeukia ukuta kabisa ili asione.

Sikutaka kuwahutubia watoto. Niliwakalisha mkekani nikawapa hadithi za Ijapa, zile alizokuwa akimsimulia Lina mama mkwe wangu kule Ibadan, Nigeria. Ijapa ni kobe, Mama. Katika ngano za Wayoruba hakuna mlafi kama yeye. Nikaita "Aalo o!" kama wanavyoita wao wakianza hadithi, na watoto wakaitika "Aalo!" hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

Nikawaambia Ijapa alivyokwenda na Mbwa kuiba viazi vikuu shambani kwa mtu. Mbwa akachukua vya kutosha tumbo lake, akasema twende. Ijapa akajitwisha mzigo hata shingo ikapotea. Mwenye shamba alipotokea, Mbwa akatimua mbio, Ijapa akabaki palepale akilia, "Mbwa, ningojee!" Watoto walicheka hadi wakalala chini.

Uji ulipoletwa siku ya pili, Muhanad, mjukuu wa Mjomba, alinyanyuka na kikombe chake akaenda kukaa na Tahiri pale ukutani. Akanywa nusu, akampa nusu. Hakuna aliyemtuma. Kesho yake walifanya hivyo wote.

Nilitoka nje, Mama, nikalia kidogo, kisha nikarudi kufundisha.

Mwanao,
Rasha


Tanga
11 Februari 2024

Mwanangu Rasha,

Marahaba. Goti lipo, tumeshazoeana. Mwambie Lina bibi yake anataka kuyaona hayo meno.

Sasa nieleze, umefanya nini huko? Ijumaa Taimur alikwenda kwa mwanawe Ushongo kula chakula, akarudi amefura. Anasema sinia la pilau lilipotengwa alijisogezea paja la mbuzi, na vijana wa kazi wamesimama mlangoni wanangoja makombo. Muhanad akamkazia macho akamwuliza mbele ya wageni, "Babu, wewe ni Ijapa?" Wageni wakataka kujua huyo Ijapa ni nani. Mtoto akawasimulia yote, hadi ile "ningojee!"

Nilikimbilia jikoni nicheke, Mungu anisamehe. Lakini si jambo la kucheka. Taimur anasema umeleta hadithi za makafiri na unafundisha watoto wa watu uombaomba. Anataka uache, na uombe radhi mbele ya wazazi.

Nami nakuuliza kama mama. Kwetu hakuna Sungura na Fisi? Paukwa na pakawa zimekukosea nini? Na hadithi ya wezi wa viazi ndiyo ya kufundishia watoto wadogo?

Omba radhi, mwanangu, yaishe. Maneno hayana mifupa, hayatakukwama.

Mama yako


Ushongo
18 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia umecheka, hata kama ni jikoni.

Makafiri? Mama mkwe wangu amehiji, na huamka kabla ya muadhini. Mume wangu Mufutau alipofariki, binamu zake walikuja kubeba vyombo nyumbani kwangu hata arubaini haijafika. Yule bibi alisimama mlangoni akawaambia, "Atakayeingia anikanyage mimi kwanza." Wakarudi walikotoka. Eda yote tulikula bakuli moja, yeye na mimi. Hadithi zake sikuziokota njiani, Mama. Nimeishi naye nikaona zinavyotendwa. Sungura wetu nampenda, lakini Sungura hushinda kwa hila na watoto humshangilia. Ijapa huumbuka kwa ulafi wake, nao humcheka. Hawa wangu walihitaji kumcheka mlafi.

Jumatano Mjomba alikuja mwenyewe. Hakuvua viatu.

"Nani kakupa ruhusa ya kugawa uji wangu?"

"Wako hakuugawa mtu, Mjomba. Kila mtoto kagawa wake."

"Utaomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kunivunjia heshima."

"Muhanad aliuliza swali tu. Ulimjibu nini?"

Nilijua nimevuka mpaka, lakini niliwageukia watoto nikaita "Aalo o!" Wakaitika. Palepale mbele yake nikasimulia Ijapa alivyokusanya akili zote za dunia ndani ya kibuyu, asimwachie mtu hata chembe. Akakifunga tumboni apande nacho mtini kukificha. Kila akipanda, kibuyu kinamzuia. Mpita njia mmoja akamwambia, "Si ukifunge mgongoni?" Ndipo Ijapa akatambua kuwa akili nyingine imebaki kwa watu, na kwamba yake peke yake haimtoshi hata kupanda mti.

Tahiri akauliza, "Kwa hiyo alimpa huyo mtu kidogo?"

Mjomba akatoka bila kuaga.

Mama, sitaomba radhi. Nikiomba, watoto watajua kwamba kumpa mwenzako uji ni kosa. Siwezi kuwafundisha hilo. Chochote ukitakacho kwangu nitafanya, ila hilo sifanyi.

Mwanao,
Rasha


Tanga
25 Februari 2024

Rasha,

Salamu zangu kwa Lina. Mimi ni mzima.

Tangu baba yako afariki nakula kwa kaka yangu na kulala kwa kaka yangu. Ukimrushia jiwe yeye, linanipata mimi kwanza. Jana mkewe aliniondolea sahani nikiwa bado natafuna. Wewe una ujana na elimu. Mimi nina nini?

Usiniandikie tena mpaka uwe umeomba radhi.

Mama yako


Ushongo
5 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Najua umenikataza kuandika. Nisamehe, nakuandikia.

Habari ya ile sahani imeniuma kuliko lolote alilonifanyia Mjomba. Kama ningekuwapo ningeirudisha mezani mwenyewe.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuta darasa lina kufuli kubwa na mlinzi mlangoni. Wazazi walikusanyika. Nilidhani watanilaumu. Mwanamkasi akasema, "Kwani watoto wanafundishwa na kuta?" Akatufungulia banda lake la kukaushia dagaa. Sasa tunasoma humo. Tunanuka, Mama! Hesabu zetu zinanuka dagaa, nyimbo zetu zinanuka dagaa. Kila mzazi analeta alichonacho, unga, nazi, kuni, na uji unapikwa sufuria moja. Muhanad baba yake alimzuia kuja. Akatoroka, akarudishwa, akatoroka tena. Sasa wamemwacha.

Uliniuliza una nini. Nami nakuuliza hilohilo, na usinikasirikie. Babu alipofariki aliacha watoto wawili, Mjomba na wewe. Aliacha shamba la Pongwe na kiwanja hiki cha Ushongo. Fungu lako liko wapi? Mjomba alisema anakushikia, na wakati huo mimi nilikuwa hata sijaolewa. Mpaka leo bado anakushikia. Kile chakula unachoona haya kukila, Mama, pengine ni chako.

Ramadhani njema. Nitakuombea kila futari.

Mwanao,
Rasha


Tanga
28 Aprili 2024

Mwanangu Rasha,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Nakuuliza hali yako na ya Lina, na ya hao wanafunzi wako wanaonuka dagaa. Mimi ni mzima kuliko nilivyopata kuwa.

Usidhani nilikununia. Barua yako niliisoma nikakukasirikia wewe, kisha nikajikasirikia mimi, na mwezi mzima wa Ramadhani nikawa sina raha. Nilikuwa nasali nikiona aibu. Haki aliyoniandikia Mungu mwenyewe nimeiacha kwa kuogopa uso wa mtu.

Siku ya Idi ukoo wote ulikuwa kwa Taimur. Mzee Idarusi, yule binamu wa babu yako aliyesoma dini, alikuwa amekaa upande wa juu. Tulipomaliza kula nikasimama. Mimi! Mwanamke ambaye katika sebule ile nilikuwa nasimama kuleta maji ya kunawa tu.

Nikasema, "Kaka Taimur, nataka fungu langu la baba."

Taimur akacheka. "Turkiya, leo ni siku ya furaha. Umekosa nini hapa kwangu? Unakula, unavaa."

"Ndiyo, kaka. Ninakula kwako, na changu unakishika. Nipe changu, halafu ukinikaribisha nitakuja kula kama mgeni."

"Haya ni maneno ya mwanao."

"Mwanangu aliniuliza. Maneno ni yangu."

Mkewe akaanza kuninong'oneza nikae. Sikukaa, na goti lilikuwa likiniwaka moto. Nikamgeukia Mzee Idarusi nikamwuliza mbele ya watu, mtoto wa kike ana fungu au hana? Mzee akamgeukia Taimur, akasema, "Analo. Na kulishikilia ni dhulma, Taimur, hata ukimlisha asali."

Wiki mbili zikaenda kwa vikao. Mwisho akasalimu amri, lakini kwa kiburi chake. Akasema nichague mwenyewe pa kukatiwa fungu langu, akidhani nitakimbilia shamba la Pongwe kwenye barabara. Nikamwambia, "Nataka kiwanja cha Ushongo chote, pamoja na kilichojengwa juu yake." Akasema jengo ni lake. Nikamwambia avunje basi, abebe matofali yake mchana, watoto wakimtazama. Hakuweza. Mzee Idarusi alishuhudia, na majirani wawili. Kufuli limetolewa juzi, nadhani umeliona.

Akaniambia, "Kuanzia leo nyumba hii huna." Nikamjibu, "Alhamdulillahi, nyumba ninayo."

Nililia baadaye, nisikufiche. Ni kaka yangu, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Siku akija Ushongo nitampikia. Lakini kurudi kuomba sahani kwake, sirudi.

Hizo hadithi zako bado sijazikubali zote, ile ya wezi wa viazi hasa. Tutabishana ana kwa ana.

Alhamisi nipokee stendi ya Pangani. Nakuja na cherehani, magodoro mawili na kuku wangu wote, na sitaki mtu aniulize nitakaa mpaka lini.

Mama yako,
Turkiya