Utepe Mwekundu Dirishani

Mwanangu mpendwa,

Kuna jambo nimekuficha miaka mingi, na daktari amenishauri nisiache viporo. Mapambo ya Krismasi unayoyasifu kwenye picha si kazi yangu. Ni ya jirani, yule mjane fundi cherehani. Kitambaa cheupe mezani, tawi moja bichi kwenye chupa, mshumaa mmoja, basi.

Kila mwaka akimaliza, mimi hupanda kiti nikafunga utepe mwekundu dirishani. Kesho yake yeye hupita, akauona, akaingia kuutoa.

"Mzee, hii ni nyumba au duka?"

"Nilidhani pamepwaya."

"Kilichopwaya ni kichwa chako," husema, kisha tunakunywa chai hadi jioni.

Mwaka huu miguu imegoma, kiti sikipandi tena. Dirisha likabaki tupu. Akaja vilevile, utepe mkononi.

"Niufunge wapi," akauliza, "nipate sababu ya kurudi kesho?"

Nikamwomba asiondoke kabisa.

Mama yako sijamsahau, na najua habari hii itakuchoma kidogo. Lakini njoo Krismasi, mwanangu, unikute bado nacheka.

Ni mimi baba yako na, tangu Jumamosi, mume wa fundi cherehani.