Majibu ya Koridoni

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na mama na mgongo wake, na hata hiyo cherehani yako inayolalamika kuliko sisi sote. Mimi afya ninayo, nakula na kulala vizuri. Uliniuliza kwenye simu kama masomo yanakwenda, nikajibu yanakwenda. Nimeona bora nikueleze kwa maandishi, maana kwenye simu mama huwa anasikiliza pembeni.

Dada, hapa chuoni kila kitu ni Kiingereza. Shuleni nacho kilikuwepo, lakini mwalimu akiona tumekodoa macho alibadilisha lugha kidogo, tukaelewa, tukaendelea. Huku mhadhiri anaongea mfululizo, na akiuliza kama tumeelewa, ukumbi mzima unaitikia ndiyo. Nami naitikia. Tukitoka nje tunaulizana kwa Kiswahili amesema nini. Mara nyingi jibu ninalo, ila nikimaliza kulipanga kwa Kiingereza, wenzangu wameshafika mbali.

Muhula huu tulipewa kazi ya kujenga daraja dogo la vijiti kwa makundi. Katika kundi letu yumo msichana tunayemwita Redio, kwa jinsi Kiingereza kinavyomtoka bila kukatika. Mahesabu nilipiga mimi, vijiti vya mshazari nilivipanga mimi, hadi gundi ikanigandisha vidole. Redio ndiye aliyewasilisha. Alipigiwa makofi, na aliporudi kukaa akaninong'oneza, "Mwenzangu, hivi vile vijiti vya mshazari vinafanya kazi gani?" Nilicheka, lakini roho iliniuma.

Baadaye tukatangaziwa kwamba kila mmoja atahojiwa peke yake, kwa Kiingereza, na atakayeshindwa kujieleza atakuwa amefeli somo, hata daraja la kundi lake libebe tembo. Zamu yangu ilipofika, mhadhiri wetu, tunayemwita Bwana Tai kwa sababu hatujawahi kumwona shingo wazi, akaniuliza lile lile la Redio: vijiti vya mshazari vya nini? Nilifungua mdomo. Yakatoka maneno mawili. Nikamwona mhadhiri mwenzake aliyeketi naye anatazama saa, na neno la tatu likakataa kabisa. Wakanishukuru, wakanionyesha mlango.

Nilisimama koridoni nimekumbatia daraja letu. Bwana Tai akatoka kunywa maji, akaniona, akasema kwa Kiswahili, "Binti, hebu nieleze. Hivi vijiti umeviwekea nini?"

Nikamweleza kama nilivyokuwa nikikueleza wewe masomo yangu jioni, wewe ukishona na kunikataza kuendelea mpaka uelewe. Nilimwambia abonyeze katikati, ahisi uzito unavyokimbilia pembeni. Akanibishia, nami nikambishia, akabonyeza tena. Mwisho akasema, "Kumbe unajua."

Nikamuuliza kwa heshima kama majibu ya koridoni yanahesabiwa. Akaiweka tai yake sawa, akasema hayahesabiwi.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka. Nimefeli somo hilo, Dada. Likizo sitakuja nyumbani. Nabaki kurudia mahojiano, na nikishindwa tena masomo yangu yatakuwa yameishia hapo. Nilikasirika hadi nikafunga sanduku langu nirudi nyumbani moja kwa moja. Redio ndiye aliyekuja chumbani akalifungua, bila kuniuliza, akaitundika tena sketi uliyonishonea.

Siku hizi tunakaa naye kwenye ngazi za bweni. Namweleza daraja kwa Kiswahili mpaka alielewe, yeye ananigeuzia kwa Kiingereza, kisha namrudishia kwa maneno yangu mwenyewe, mafupi mafupi. Tumepatana asicheke. Jana alicheka, lakini hata mimi nilicheka, na sentensi niliimaliza.

Mama mwambie wewe, taratibu, akishakula. Najua ameshawatangazia majirani kwamba naongea Kiingereza kama maji. Mwambie kwamba kinatembea, hakijaanza kukimbia. Wasalimie wote wanaoniulizia, nawe usishone hadi macho yakuume.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba