Jenerali Afungwe Kamba

Chumba cha Ushonaji,
Juu ya Duka la Dawa.
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Baridi inakutendeaje, na kile kifua chako je? Mimi shangazi yako ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila nikikanyaga cherehani. Baada ya salamu, nikuambie mapema kwamba nimekasirika, tena sana, na niliyemkasirikia ni wewe.

Yule mbwa wako, Jenerali, uliyemwachia baba yako ulipokwenda kazini, amemwangusha mtu. Jumamosi asubuhi mpishi wa shule alikuwa anapanda njia ya kilimani na kijibwa chake, kimefungwa kamba vizuri kama inavyotakiwa. Jenerali akatokea kwenye kona mbio, hana kamba wala nini. Mama wa watu akakinyanyua kijibwa chake kifuani, Jenerali akamrukia, mama akaanguka chali juu ya mawe. Mkono umeteguka, na sufuria za shule sasa wananyanyua wengine.

Na baba yako? Yuko huko nyuma anapunga fimbo, anapaza sauti eti asiogope, mbwa hana neno. Hana neno! Nyie wenye mbwa mna nini lakini? Mtu yuko chini anaugulia, wewe unamweleza tabia nzuri za mbwa wako. Mwingine aliumwa utotoni, mwingine mbwa wake mgonjwa, mwingine hataki tu kulambwa na mbwa asiyemjua, na ni haki yake. Njia ile ni nyembamba na ni ya watu wote.

Mlinzi wa kilima amesema Jenerali akionekana tena bila kamba, baba yako asikanyage pale. Nawe unajua daktari alivyomwambia kuhusu moyo wake, kwamba lazima atembee kila siku. Barabara za kwetu magari hayamwachii hata kuku nafasi. Bila kilima atakaa kwenye kiti chake mpaka moyo uchoke.

Basi nikaenda kwake nimejaa maneno. Akaniambia wewe ndiye uliyemwagiza kwenye simu asimfunge, kwamba umemfundisha, akiitwa anakuja. Anakuja kwako wewe, kwa mluzi wako! Baba yako hana hata meno ya kupigia mluzi.

Nikaitungua kamba msumarini, nikamtupia. Mfunge nione. Akainama. Kile kishikizo cha chuma, cha kubonyeza kwa dole gumba, kikamshinda. Akajaribu, akajaribu tena, vidole vinatetemeka, na Jenerali amemtolea shingo, katulia, maana amezoea kungoja. Nikainama nikamfunga mimi.

“Usimwambie mtoto,” akasema. “Ataacha kazi arudi.”

Nimekuambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina kaka mwingine. Alhamisi nampeleka kwa daktari, atake asitake.

Kile chuma nimekikata. Nimeshona kamba mpya ya turubai, na mahali pa kishikizo nimeweka kitanzi na kifungo kikubwa cha mti, hata kwa kiganja kinaingia. Jenerali akifungwa havuti, hapo nakusifu. Lakini kaka yangu hataki kuigusa. Anasema mwanawe kasema mbwa hahitaji kamba, basi yamekwisha. Mimi nikisema ni kelele, wewe ukisema ni sheria.

Kwa hiyo piga simu, useme ulikosea, mbwa afungwe. Umwombe radhi na yule mpishi pia, kwa mdomo wako. Ila kabla ya yote, muulize baba yako hali yake, kisha unyamaze umsikilize. Tangu uondoke, kila ukipiga simu unauliza Jenerali amekula nini, kalala wapi, kama manyoya yamechanwa. Mzee anakujibu yote hayo, simu kaishikilia kwa viganja viwili isimdondoke, na hujamuuliza hata siku moja kama yeye amekula.

Nisalimie mkeo, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Dada yako na binamu yako kinyozi wanakusalimu. Mungu akulinde, akuzidishie riziki, na akupe masikio.

Akupendaye hata kwa hasira hizi,
Shangazi yako.