Karatasi Kwenye Kioo cha Gari

2 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi tumefika salama kutoka kwako huko ughaibuni, ila moyo wangu ni ule ule: nikipanda ngazi kidogo unadai kupumzika. Mpwa wako bado anacheka ulivyotukatalia kuondoka. Kila tukishika mlango, chai nyingine. Chumba chako nimekipaka chokaa. Ulisema Desemba, na Desemba nakungoja.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananibeba kwa kunung'unika. Dawa unameza?

Ule uwanja nyuma ya jengo langu, alikoegesha mpwangu lile gari la kukodi, kumbe ni wa kampuni. Saa ya kwanza bure, kisha kamera inahesabu. Bango lipo, dogo, nyuma ya mti. Miaka yote hii sikulisoma, maana sijawahi kuwa na gari. Amekuja mtu wa kudai malipo ya kuegesha, mkononi ana picha ya ile karatasi uliyoiacha kwenye kioo: "Tupo kwa kaka, mlango wa tisa. Tukikuziba, piga hodi."

Basi akapiga hodi. Nimeyamaliza, usijisumbue.

Kaka yako

4 Julai

Kaka,

Shikamoo. Hali yangu ya kuvuta siku. Umeyamaliza kwa fedha gani? Kwetu ukiegesha pa watu unaacha neno, mwenye shida akuite. Ningejuaje huko mtu haitwi, anadaiwa tu? Mpwa wako yuko tayari kulipa. Usinifiche kama mtoto.

Daktari amenibadilishia dawa. Alipokuwa akiandika hakunitazama usoni. Unakuja?

Mdogo wako

30 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini unapata usingizi. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Nilimwambia yule mtu, "Wale ni wageni wangu. Mgeni wangu hadaiwi." Akanipa kalamu, nikatia saini kwamba deni ni langu. Baadaye nikaandika kupinga, nikaeleza kuwa ni mimi niliyewazuia kwa chai. Jibu lilikuja bila jina la mtu, na deni limepanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona hivi. Nauli yote imekwenda huko.

Nitakuja Aprili, nikijaliwa. Mpwangu asitume kitu, ana watoto wa kulisha.

Kaka yako

11 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Leo mimi nasema, mpwa wako anaandika. Mkono umechoka kabla yangu. Magoti yafunge vizuri, huko baridi imeanza.

Sina kinyongo. Ile chai ya mwisho ningeinywa tena, hata kama ningelijua bei yake.

Aprili ni mbali kwangu, tusidanganyane. Ukifika usinikute, chumba kiko wazi. Nimebandika karatasi mlangoni, maana sijakoma: "Kaka, hapa ni kwako, usipige hodi."

Kaa utakavyo. Huku hakuna anayehesabu.

Mdogo wako