Kifungu cha Kumi na Nne

Jumatatu, 5 Februari

Mswada wa elimu ya ufundi umefika kamati ya Seneti. Miezi saba ya kuandika na kufuta. Kifungu cha 14 ni changu, neno kwa neno: mwalimu wa ufundi asiye na shahada apewe miaka miwili aipate, la sivyo aondoke, basi. Rowena wa meza ya pili anasema nimekaza mno. Nikamwambia akamuulize yule binti aliyepoteza jicho karakanani kwa sababu mwalimu hajui hata kinyago cha kuchomelea kinavaliwa lini. Akarudi kwenye meza yake. Mimi ndani bado nabishana. Baba hana shahada.

Jumatano, 7 Februari

Baba kapiga simu kutoka nyumbani, Iloilo. Umekula? Nimekula. Walimu wenzake wamemteua aje Manila kusema mbele ya kamati. Miaka thelathini na moja anafundisha kuchomelea.

“Kuna mtu huko ameandika kwamba mimi si mwalimu,” anasema. “Nataka nimwone uso.”

Nilicheka. Kicheko gani kile, sijui.

Ijumaa, 9 Februari

Baada ya neno “shahada” nimeongeza maneno matano: au ujuzi uliopimwa kwa vitendo. Nikampelekea bosi, Wakili Villaruz. Hakuvaa hata miwani.

“Umechelewa, dada. Mswada si wetu tena. Kamati wakitaka kubadili, waseme wenyewe.”

Kahawa nne leo.

Jumatatu, 12 Februari

Baba yuko hapa, na mfuko wa dagaa wakavu. Anapiga pasi shati lake mwenyewe, kola mara tatu.

“Si unafanya kazi hukohuko? Humjui huyo mtu?”

“Watu ni wengi, Baba.”

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumanne, 13 Februari, saa tano asubuhi

Mapumziko. Naandika kwenye ngazi.

Baba alisema dakika nne, bila karatasi. Alikunja mikono ya shati, makovu yote nje. “Nipeni chuma. Mpeni na mwenye shahada. Halafu mje muangalie.” Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Seneta Bagtas, mwenyekiti, akauliza nani aliandika kifungu hiki. Villaruz akainamia makaratasi. “Yumo humu, mheshimiwa. Ataeleza baada ya mapumziko.”

Baba kaniletea mkate wa moto. “Sasa tutamwona,” kasema. Kaingia ukumbini kunishikia kiti kando yake.

Kengele. Kupitia mlango ulio wazi namwona Baba: kaweka kofia yake juu ya kiti changu, ananipungia mkono. Mle mbele, Villaruz anasogeza kipaza sauti, macho yake yananitafuta —