Karatasi ya Sheria ya Ardhi

Jumatatu, 4 Machi. Emali.
Sauti imekauka tena. Muthama, mwenzangu wa darasa na mwenyeji wa hapa, haoni tangu utotoni, surua ilimharibu macho, kwa hiyo vitabu vyote vya sheria vya mwaka wa tatu lazima vipite mdomoni mwangu kwanza. Nasoma, anasikiliza. Halafu: "Funga kitabu, Nzioka." Anaisimulia ile kesi upya, kana kwamba ni majirani wawili wa hapa Emali wanaogombania mpaka. Kisha zamu yangu, bila kuchungulia. Nikikosea anacheka, tunarudia. Hakuna njia nyingine ya kusoma iliyowahi kunifaa.

Chuo bado kimefungwa kwa ajili ya fujo. Tutaitwa kwa redio, na tukifika ni mtihani moja kwa moja. Kwetu kijijini Tulia nisingesoma. Kuna maji ya kuchota mbali, tena kuna kuchunga ng'ombe waliosazwa na ukame. Ndiyo maana nimekuja kukaa kwa mjomba, mwenye duka nyuma ya stesheni. Anawaambia wateja nimekuja kumsaidia kipofu.

Jumatano, 6 Machi.
Mikataba nimeishika. Sheria ya ardhi inaniua. Muthama anasema tuiweke mwisho, iwe mbichi kichwani siku ya kuingia mtihani. Nimekubali.

Ijumaa, 8 Machi.
Baba yake, Mzee Makau, ameingia tukiwa katikati ya kesi. Ni mzee wa kanisa. Kuna mhubiri anakuja mjini Sultan Hamud, maombi ya wiki nzima. Vipofu wanaona, amesema. Anataka Muthama afunge kula, aende.

"Baba, nina mtihani."

"Na Mungu aliyekuumba, yeye hana lake la kukufanyia?"

Mama yake alikuwa mlangoni, leso mdomoni. Alisema neno moja tu: "Nifanyie mimi hili, mwanangu."

Anaenda kesho. Nimemkasirikia mama wa watu, na ndiye anayenipikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kila siku.

Jumapili, 10 Machi.
Nimejaribu peke yangu. Nimesoma kwa sauti, ukuta haujibu. Nimepiga mistari ya wino mwekundu chini ya maneno. Nimeandika vifupisho kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya kitanda, kama wanavyofanya wenzangu bwenini. Nikifumba macho naona wekundu tu.

Miaka mitatu watu wananisifu kwa kumsomea Muthama. Hata mwalimu mmoja alinishika mkono mbele ya darasa. Hakuna aliyeuliza ni nani anamfundisha nani. Mimi pia sikuuliza.

Jumanne, 12 Machi.
Redio, taarifa ya saa saba. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Mtihani Jumanne. Ardhi hatujaigusa.


Alhamisi, 14 Machi. Sultan Hamud.
Heri nisingekuja.

Kiwanja kilijaa. Walimpandisha jukwaani. Hajala tangu Jumamosi, ni maji tu, midomo imepasuka. Mhubiri alimnyang'anya fimbo akaitupa kwa watu. "Tembea uione nuru!" Akatembea. Vigelegele. Jukwaa likaisha, yeye hakujua. Aliangukia viti vya wanakwaya.

Mhubiri akasema nyumba hii imani yake ni haba, akaita mwingine.

Nilimwokota mimi. Damu puani, vumbi kwenye meno. Mzee Makau alisimama pale pale akitazama viatu vyake. Fimbo hatukuipata.

Jumamosi, 16 Machi.
Nimeenda kwao na kitabu cha ardhi. Amelala, amegeukia ukuta. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Wa pili. Nimengoja aniambie nifunge kitabu. Wapi.

Mwishowe akasema, bila hasira, "Nzioka, nimechoka kuombewa. Kanisani naombewa macho. Chuoni naombewa muda wa ziada. Wewe unanisomea, na unaposhukuriwa mimi nakaa kando kama mzigo wako. Nenda ukafanye mtihani wako."

Nikamwambia bila yeye nitaanguka.

"Basi utajua huko chini kulivyo."

Nje mama yake alikuwa akipepeta mahindi ya manjano, yale ya msaada wa njaa. Machozi yanamtoka na mikono haisimami. Nimempita bila kuaga.

Jumapili, 17 Machi.
Naondoka leo. Mjomba amenishika kichwa akaniombea safari njema. Nikasema amina. Sina ninachoamini.

Jumanne, 19 Machi. Nairobi.
Karatasi ya mikataba. Nimejibu, si vibaya.
Muthama hutengewa chumba chake, na mtu wa kuandika anayotamka. Nilipotoka kwenda msalani mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi. Mwandishi alikuwa amekaa peke yake, karatasi tupu mbele yake, anangoja.

Alhamisi, 21 Machi.
Ardhi.
Swali la kwanza: mtu amelima shamba la mwenzake miaka mingi, mwenye shamba anaona, ananyamaza. Sasa anataka kumfukuza. Eleza haki za kila mmoja.
Najua nimelisoma hili. Najua hata ukurasa ulipokuwa, upande wa kushoto, chini. Maneno hayakuja. Nusu ukurasa, basi. Maswali mengine ni hayo hayo. Nimetoka mapema.
Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Sitaki kufikiria uso wa mama.

Jumamosi, 23 Machi. Emali.
Nilipanga kwenda Tulia moja kwa moja. Nimeshuka Emali.

Muthama alikuwa uani, anachambua maharagwe kwa vidole. Alizijua nyayo zangu. Nikakaa. Nikavuta ungo, nami nikaanza kuchambua.

"Waliuliza nini?"

Nikamwambia. Akaendelea kuchambua. Kisha akaanza, polepole. Jirani wa huku, jirani wa kule. Ni lini kunyamaza kunakuwa ruhusa, na ni lini hakuwi. Hoja baada ya hoja, jibu lote, na hajasomewa hata mara moja zaidi ya zile kurasa mbili za Jumamosi iliyopita na mihadhara aliyoisikiliza kwa masikio yake. Mama yake aliacha alichokuwa akifanya. Mzee Makau alitoka ndani akasimama mlangoni. Nadhani hakuwahi kumsikia mwanawe hivi.

Nilitaka anyamaze. Kila neno lilikuwa sahihi, na halimsaidii mtu.

Alipomaliza, Mzee akauliza, sauti ndogo, "Mwaka ujao watakukubalia kuufanya mtihani?"

Muthama akarudia maharagwe yake. Lakini hakumpa baba yake kisogo.

Jumapili, 24 Machi.
Hatukuenda kanisani, yeye wala mimi. Mzee hakutulazimisha. Tumekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Hakuna kitabu. Treni ya mizigo imepita, ndefu. Muthama amepitiwa na usingizi akiwa ameketi, nikamwekea koti langu mabegani.

Kesho Tulia. Mimi mwenyewe nitamwambia mama kuwa nimeanguka, kabla matokeo hayajafika.